Sifuri Thelathini na Nane

Bibi Shamba alikuwa na meza ya pili kutoka dirishani, katika ofisi ya kilimo yenye meza sita na maafisa kumi na mmoja. Wasio na meza waliandikia magotini, na mwenye meza akitoka kwenda kwa wakulima, akirudi humkuta mwenzake ameketi, ameshafungua droo, anatafuna karanga zake. Meza ya Bibi Shamba haikuguswa. Miaka ishirini na minne ya kazi ilimpa heshima hiyo, na karanga zake zilikuwa salama.

Nilifika pale kama mkalimani. Bwawa linalolisha mabomba ya mji lilikuwa likibadilika rangi kila mvua zikianza, na wataalamu kutoka mbali walikuwa wameleta dawa yake, si ya kumwaga majini bali ya kushika mkononi: kishikwambi chenye programu. Kiongozi wao alikuwa mwanamke kijana, mtaalamu wa udongo, ambaye kila mtu alimwita Daktari, hata mlinzi wa getini, aliyewahi kumwonyesha goti lake linalouma.

Kisa chenyewe ni chepesi kueleza. Fosforasi haina ubaya. Iko kwenye mbolea ya dukani, iko kwenye samadi, na imejaa zaidi kwenye mbolea ya kuku. Shambani hulisha mizizi. Mvua ikiikokota hadi bwawani hulisha mwani. Maji yanageuka kijani na mtambo wa kusafisha unaziba. Kwa hiyo programu iliuliza maswali arobaini na moja kuhusu kila shamba, kisha ikatoa karatasi yenye rangi. Kijani: mwaga mbolea yako. Njano: mwaga kwa tahadhari. Nyekundu: usimwage hapa.

Maelezo ya programu niliyatafsiri mimi. Niliandika, "Ingiza mteremko kwa asilimia," nikanywa chai, nikaendelea na ukurasa uliofuata. Sikujiuliza hata mara moja ni nani atakayeusoma huo mstari, amesimama wapi, na ana nini mkononi.

Mafunzo yalichukua siku mbili. Kila afisa alipewa kidude cha kupimia mteremko, kidogo kama kiberiti. Unafumba jicho moja, unachungulia kwa jingine, na ndani unaona ngazi mbili za namba, moja kushoto na nyingine kulia, zinacheza kama uso wa mtu ndani ya ndoo ya maji. Bibi Shamba aliwekwa mstari wa mbele kwa sababu ya umri wake kazini. Nilimwona akichungulia, akitoa kidude, akikifuta kwa upindo wa kitenge, akichungulia tena. Kisha akakipakata na kutabasamu kama watu wanavyotabasamu kwenye picha.

"Kuna swali?" Daktari aliuliza, nami nikatafsiri.

Mkuu wa ofisi alikuwa amesimama ukutani. Aliwatazama maafisa wake kama mzazi anavyowatazama wanawe mbele ya wageni. Hakuna aliyekohoa.

"Basi, wameelewa," mkuu akasema. Hilo nalo nikalitafsiri.

Nimekaa katika nchi ambako mtu asiyeelewa hunyanyua mkono kama anayeagiza kahawa, na katika nyingine ambako ni afadhali afe. Sisi tuna haya na tuna aibu, na ni vitu viwili. Haya hukuzuia kabla hujafanya jambo. Aibu huja ukishalifanya. Ubaya ni pale haya inapokuzuia kuuliza, ukanyamaza kwa adabu zote, kisha aibu ikaja kuvuna kilichopandwa na haya.

Ile ofisi ilikuwa na desturi yake ambayo Daktari hakuijua, wala mimi. Mkuu wa zamani, aliyekwisha kustaafu, hakupenda fomu yenye nafasi tupu. Alikuwa akisema fomu yenye pengo imejazwa na mvivu. Basi maafisa wake walijifunza kuandika sifuri mahali ambapo hawajapima, na kuizungushia pete kwa penseli. Sifuri yenye pete ilimaanisha "bado." Mkuu akiiona, alimwita afisa mwenyewe taratibu, wakiwa wawili: "Hapa vipi?" Naye angesema, "Mkuu, hapa sijapafikia," au, "Mkuu, hapa sikupaelewa," na wangekwenda pamoja. Mkuu aliondoka, sifuri zikabaki.

Kwenye kishikwambi huwezi kuzungusha pete. Bibi Shamba alifika kwenye swali la mteremko la shamba la kwanza, akaandika sifuri, akasubiri aulizwe. Hakuna aliyemuuliza. Baada ya sekunde tatu ikatoka karatasi ya kijani.

"Nilidhani inaona yenyewe," aliniambia baadaye. "Kutoka huko juu angani. Si wanasema siku hizi mashine zinaona hata kibao cha mlangoni? Nikasema, kama imenikubalia, basi inajua."

Alifanya hivyo kwenye mashamba thelathini na nane. Thelathini na nane zote zikatoka kijani, na mkuu mpya akampongeza mbele ya wenzake kwa kumaliza wa kwanza.

Shamba la tisa lilikuwa la wifi yake.

Huyu wifi alikuwa mjane wa kaka yake, mfugaji wa kuku, mtu wa kicheko kikubwa na mdomo usio na breki. Mabanda yake matatu yalikuwa juu kabisa ya kilima, na chini ya mabanda shamba la mahindi liliteremka kama paa la nyumba hadi kwenye mfereji. Mfereji unaingia bwawani. Siku ile Bibi Shamba alipompelekea karatasi, wifi alikuwa na ndoo mbili za mbolea, amezitua kupumzika.

"Kaka yako aliniachia mlima," wifi akasema, "na wewe umeniletea karatasi. Ukoo wenu unajua zawadi!"

"Pokea basi, usinichoshe. Ni ya kijani."

"Kijani ndiyo nini?"

"Unaruhusiwa kumwaga."

Wifi akatazama chini kule mferejini. "Huku juu? Si ni wewe uliyenikataza miaka yote? Ulisema mvua moja tu na mbolea yangu itafika mjini kabla yangu."

"Sasa kuna vipimo."

"Vipimo nimevisikia. Wewe unasemaje?"

Hapo ndipo penyewe. Bibi Shamba alinieleza mahali hapo mara tatu, siku tatu tofauti, na kila mara alianza kuondoa matope kwenye soli ya kiatu chake kwa kijiti, hata pale ambapo kiatu kilikuwa safi. Alikuwa amesimama na mguu mmoja juu na mwingine chini, kwa sababu kwenye shamba lile huwezi kusimama vingine. Aliona udongo wa mvua zilizopita ulivyofunika nguzo za uzio wa chini hadi nusu. Macho yake yalimwambia, na miguu yake ilimwambia. Akasema:

"Mimi na karatasi ni kitu kimoja."

Wifi akacheka, akabeba ndoo zake, akamwaga.

Nilirudi mvua zilipokatika, pamoja na Daktari, tuone programu ilivyosaidia. Tulipoingia mjini tukakuta foleni ya ndoo kwenye kisima cha msikitini na nyingine kwenye kisima cha shule. Mabomba yalikuwa yamefungwa siku ya kumi na moja. Bwawa lilikuwa limetandwa na utando wa kijani mzito, wa kukoroga kwa mwiko, na upande unapoingilia mfereji ndama wawili walikuwa wamekunywa maji wakafa.

Foleni ina ulimi wake.

"Leo tumeletewa supu ya nyasi."

"Nyasi wapi! Kuku wa yule mama wameharisha, sisi tunakunywa."

"Mayai yake mimi siyanunui tena. Nisije nikavunja yai nikakuta kiini cha kijani."

Walicheka, lakini hawakuwa wakitania. Mabanda yanaonekana kutoka barabarani, na matope yenye manyoya yalikuwa yametapakaa mstari mzima hadi mferejini. Hakuna aliyehitaji daktari wa kumwonyesha. Trei za mayai zilirudi nyumbani zimejaa. Kisha ukaitwa mkutano katika ukumbi wa ofisi ya kilimo. Ajenda ilikuwa moja: mabanda yahamishwe kilimani ndani ya mwezi mmoja. Kwa mwenye kilima na kijipande cha mboga tu chini ya barabara, hiyo ilikuwa na maana ya kuuza kuku wote.

Wifi alikuja amevaa nguo za msibani. Alikaa kiti cha pembeni, mkoba magotini. Bibi Shamba alikaa meza kuu, karibu na mkuu. Mimi nilikaa katikati ya Daktari na watu, kama kawaida yangu.

Walisema wengi. Fundi wa mtambo wa maji alisema. Mwenye ndama alisimama, akasema, "Wawili," akakaa. Mwishowe mkuu akamgeukia mjane. "Mama, una la kujitetea? Nani alikuruhusu kumwaga kule?"

Nilimwona wifi akifungua mkoba. Karatasi ilikuwa mle, niliona ncha yake, rangi ile ile. Akamtazama Bibi Shamba. Hakumtazama kwa hasira. Hasira ingekuwa nyepesi kubeba. Alimtazama kama unavyomtazama mtu ambaye upindo wake umefunguka mbele ya watu, na wewe ndiye pekee uliyeona. Akafunga mkoba.

"Sina la kusema," akasema.

Ukumbi ukaguna. Mkuu akachukua kalamu. Ndipo Bibi Shamba aliposimama, na kiti chake kikaanguka nyuma.

"Alikuwa na ruhusa," akasema. "Karatasi nilimpa mimi. Kulikuwa na... kasoro kidogo katika takwimu."

Nilimtafsiria Daktari. Daktari akafungua kompyuta yake, akaangalia, akaangalia tena, na shingo yake ikawa nyekundu. Kisha akasema nami nikasema baada yake: ikiwa takwimu zina kasoro, mkutano uahirishwe hadi Ijumaa, shamba lipimwe upya na afisa yule yule, kwa programu ile ile. Na maafisa wote waongezewe siku mbili za mafunzo.

Watu wakatawanyika wakinung'unika. Bibi Shamba alipumua kama mtu aliyetua mzigo, lakini nilipomfikia mlangoni uso wake ulikuwa mbaya zaidi ya kabla. Nilidhani angefurahi. Nikamwambia umefanya jambo la kishujaa.

"Mkalimani," akasema, "we acha tu." Akaenda zake.

Alhamisi asubuhi tulipanda kilimani watu watatu: Daktari, Bibi Shamba na mimi. Wifi alikuwa kwenye mabanda akisafisha vinyweshea vya kuku. Alijibu salamu bila kugeuka. Bibi Shamba akasimama chini ya shamba, akatoa kidude mfukoni, akafumba jicho. Alichungulia muda mrefu. Akabadilisha jicho. Jogoo mmoja akawika, akamaliza, akarudia. Daktari alikuwa ameshika kishikwambi, kidole tayari juu ya nafasi ya mteremko.

"Ngapi?" akauliza. Nikatafsiri.

Bibi Shamba akashusha kidude. Akainama, akaokota kijiti, akaanza kusugua kiatu. Alikisugua kiatu chote, kulia na kushoto, kisha akasimama wima.

"Mwambie sijui."

Nikadhani anasema hajaona vizuri. "Nimwambie utapima tena?"

"Mwambie sijui. Sijui kutumia hiki. Sikujua siku ile ya mafunzo, sijui leo. Kuna namba huku na namba huku, na sijui ni ya upande gani. Hata hiyo asilimia, sijui asilimia ya nini. Asilimia mimi naijua ya mbegu zilizoota: mia nimepanda, tisini zimeota. Mlima nao ni asilimia ya nini? Niliandika sifuri. Mashamba yote niliandika sifuri. Mwambie hivyo, usimpunguzie."

Nilimwambia Daktari, sikupunguza. Nilipofika kwenye asilimia nikasita, maana mstari ule ulikuwa wangu.

Daktari alikaa chini, hapo hapo kwenye mabua. "Kwa nini hakuuliza? Niliuliza kama kuna swali."

"Uliuliza mbele za watu," Bibi Shamba akajibu. "Mimi ndiye mkubwa wao. Ningeuliza mimi, wao wangebaki na nani?"

Kwenye banda vinyweshea vilikuwa vimeacha kugongana. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamtiririka viwikoni.

"Kumbe ulikuwa hujui?"

"Sikujua, wifi."

"Mlima huu? Ungeniuliza mimi! Napanda kila siku na ndoo mbili. Ningekwambia namba yake iko hapa," akajipiga kiunoni, "na hapa," akajipiga gotini. Kisha sauti yake ikashuka. "Mimi nilipokuuliza wewe unasemaje, sikuwa nauliza mashine."

"Najua."

"Wamenirudishia mayai, hata wale walioniletea ubani kwenye msiba wa kaka yako."

"Najua, wifi."

Bibi Shamba hakulia. Alisimama, mikono imening'inia, akipokea kila neno kama anayesaini kupokea mizigo.

Kwa heshima ya Daktari ni lazima niseme alichofanya baadaye, kwa sababu wataalamu wengi niliowatafsiria wangefanya kingine. Hakusema "afisa amekosea." Alirudi ofisini, akagawa vipande kumi na moja vya karatasi visivyo na majina, akaniambia niandike swali moja ubaoni: "Je, unaweza kupima mteremko kwa asilimia bila kusaidiwa? Ndiyo au hapana." Wakakunja karatasi, wakazitupa kwenye kofia ya mlinzi. Ndiyo zilikuwa mbili. Moja kati ya hizo mbili ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya.

Aliponionyesha alikuwa na aibu usoni. Alinisimulia kwamba kulikuwa na njia nyingine tangu mwanzo: karatasi moja ya maswali manane, ya kujibu ukiwa unatembea shambani. Haihesabu kilo za fosforasi. Inakuambia tu wapi pa kuogopa na wapi pa kutulia. Waliiweka kando kwa sababu kwenye picha za mradi kishikwambi kinapendeza zaidi, na kwa sababu hakuna aliyewauliza watakaokishika wanajua nini. "Tulijua yote kuhusu udongo wa hapa," akasema. "Kuhusu ninyi hatukupima chochote."

Mkuu wa ofisi hakupenda. "Karatasi? Tumerudi kwenye karatasi? Wageni watatuonaje?"

"Watatuona tukinywa maji," fundi wa mtambo akamjibu. Alikuwa amekuja kusikiliza tu, lakini mtu aliyezibua chujio kwa mikono siku kumi na moja huwa hana subira.

Mkutano wa pili wa ukumbini haukuwepo tena. Daktari na maafisa walikaa hadi usiku wakitengeneza karatasi hiyo. Maswali wakayaandika upya kwa namna Bibi Shamba anavyoangalia shamba: mvua ikinyesha maji ya shamba hili yanatoka na rangi? Uzio wa chini umefukiwa? Hatua ngapi hadi mferejini? Mteremko wakaupima kwa mpira wa maji, ule wa waashi: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, umejazwa maji, kila ncha imefungwa kwenye fimbo, na kamba ya mita tano katikati. Maji hayadanganyi, yanajisawazisha yenyewe. Fimbo ya chini ikapakwa rangi. Maji yakiishia chini ya goti, kijani. Goti hadi kiuno, njano. Yakipita kiuno, nyekundu.

"Goti la nani?" akauliza afisa mmoja mfupi, na ofisi nzima ikacheka kwa mara ya kwanza juma lile.

"Goti la fimbo," Bibi Shamba akasema. Yeye hakucheka.

Ijumaa fimbo zilisimamishwa kwenye shamba la wifi, watu wakiangalia. Maji yalipita kiuno. Chini ya barabara, kwenye kipande tambarare ambacho wifi alikuwa akiwaachia majirani walime mboga, hayakufika hata kwenye kifundo. Uamuzi ulikuwa huu: mabanda yabaki, kuku wabaki, mbolea isimwagwe kilimani hata chembe, iteremshwe yote kipande cha chini, na juu ya mfereji upandwe mkanda wa nyasi ndefu wa kunasa udongo. Wifi alibakiza kuku wake. Alipata pia safari ishirini za ndoo kwa juma, kwenda chini na kurudi, na mahindi ya mwaka ule yalikuwa membamba kama vidole. Bibi Shamba alikuja siku tatu kumsaidia kubeba. Siku ya nne wifi alimwambia asije.

Yalibaki mashamba thelathini na saba.

Mkuu alipendekeza itumwe barua. Ofisi ina mhuri, ina namna ya kuandika: "kutokana na mabadiliko ya kiufundi." Bibi Shamba aliisoma hiyo barua, akaikunja, akasema atakwenda mwenyewe, mlango kwa mlango, akusanye karatasi za kijani na kupima upya. Nilikuwa na siku chache kabla ya safari yangu, nikamwomba nimsindikize, nikabeba mpira. Nilitaka kuwa mtu wa kubeba kitu.

Kila mlango alisema maneno yale yale, amesimama nje, kabla ya kukaribishwa: "Karatasi niliyokupa ni ya uongo. Sikupima shamba lako. Sikujua kupima na sikusema." Wengine walimkatiza kwa huruma: ah, mama, nani hakosei. Niliona huruma ikimuumiza zaidi ya maneno makali. Alisubiri ipite, akamalizia sentensi yake.

Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa ameitia ile karatasi kwenye fremu, ukutani, karibu na cheti chake cha ualimu. Aliishusha polepole.

"Nilijua," akasema. "Miaka yote unanikataza kumwaga karibu na mfereji, halafu karatasi inaniambia mwaga. Nilijua kuna namna."

"Mbona hukuniuliza, mwalimu?"

Akafuta vumbi la fremu kwa kiganja. "Ilinifaa," akasema. Wote wawili wakatazama chini.

Mlango wa kumi na tisa ulikuwa wa mwenye ndama. Shamba lake halikuwa limemharibia mtu. Yeye ndiye aliyeharibiwa. Bibi Shamba angeweza kuanza na mengine na kulifikia hili mwisho, au baada ya mimi kuondoka. Alipiga hodi.

Jamaa alitoka, akasikiliza yote hadi mwisho, mkono kwenye fremu ya mlango. Akaingia ndani. Tukasikia akiongea na mkewe kwa sauti ya chini. Jua lilitupiga pale uani kwa muda niliouona mrefu. Nilimnong'oneza Bibi Shamba labda turudi kesho.

"Kesho nitakuwa nimepata la kujitetea," akasema. Hakuondoka.

Yule jamaa alitoka amevaa mabuti ya mpira, karatasi mkononi. Akampa. Kisha akaunyooshea mkono mpira niliobeba.

"Kinasomwaje hiki?"

Bibi Shamba akamwonyesha: hapa juu unasawazisha maji na alama hii, kule chini unatazama rangi. Basi. Hakuna kingine.

"Nitashika mimi fimbo ya chini. Wewe shika ya juu."

Walipima. Maji yakatulia kwenye njano, kidole kimoja juu ya goti. Bibi Shamba akatoa kalamu.

"Subiri," jamaa akasema. Akahamisha fimbo hatua kumi, akapima tena. Njano. Akarudi pale pale pa kwanza, akachuchumaa, jicho lake sawa na maji, akapima mara ya tatu. Bibi Shamba alisimama juu ya shamba, ameshika fimbo yake wima kwa mikono miwili, akisubiri kuambiwa aandike nini.